Hapa Hakuna Mbuzi

Tangu asubuhi nilikuwa langoni kwetu Kola, kiondo cha Mama begani, nikiwanyang'anya watu simu. Neno "kunyang'anya" si langu, ni la binamu yangu Emily, ambaye bila simu mkononi hajui mikono aiweke wapi.

"Ngina, uko na shida gani wewe? Ntheo ni ya Kasyoka, si yako."

Nikamwambia Padre ameagiza, sherehe za watu siku hizi zimegeuzwa sinema. Padre hakuwa ameagiza lolote. Hata hakujua kwamba siku hiyo tunaletewa mbuzi. Lakini ukitaka kudanganya watu wa Kola mtaje Padre. Hakuna atakayepiga simu kuuliza, hasa ikiwa simu yenyewe iko kiondoni mwako.

Aliyekuwa anaposwa ni mdogo wangu Kasyoka. Ukoo wa Kisilu, wa upande wa Tala, ulikuwa unaleta mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba mambo mengine yote yanaweza kungoja. Harusi ya kanisani inaweza kungoja mpaka watoto wamalize shule. Lakini mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, mmoja akachinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa watu, na hakuna wa kubisha. Ila kabla ya kisu, anaitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na kuulizwa: tuwale hawa mbuzi, au warudi walikotoka? Anajibu mwenyewe, kwa mdomo wake, watu wote wasikie. Shangazi hawezi kumjibia. Kutikisa kichwa hakutoshi. Mimi nilipoulizwa yangu nilijibu kwa sauti iliyowafikia majirani, wakacheka mwaka mzima.

Shida yetu ilikuwa hapo hapo kwenye sauti.

Kasyoka amepanga chumba Mlolongo, na kazi yake kila mtu anaijua vibaya. Mama anajua kwamba "anaandikia Wajapani kwa kompyuta." Kisilu, ambaye ni fundi wa malori huko huko Mlolongo, karibu na mizani ya barabarani, anajua kwamba mchumba wake hutafsiri barua, na saa za kazi hapokei simu. Ukweli niliukuta mimi, siku niliyomtembelea bila kumwarifu. Nilisukuma mlango uliopigiliwa godoro kwa ndani, nikamkuta ameketi mbele ya kamera, anaongea kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyepewa pipi. Kwenye skrini kulikuwa na msichana wa kuchorwa, nywele za buluu, kengele ndogo ndogo zimening'inia kichwani. Kasyoka akifumba jicho, yule wa kuchorwa anafumba. Akicheka, anacheka. Kasyoka aliponiona alishtuka, na yule msichana kwenye skrini naye akashtuka.

Anaitwa Suzunari. Ni mali ya kampuni moja ya Tokyo iliyo na wasichana wengi wa kuchorwa namna hiyo. Wanaimba, wanacheza michezo ya kompyuta, wanapiga soga na watazamaji wao, na watazamaji wako kila pembe ya dunia. Mwenye sauti huitwa mtu wa ndani, na mtu wa ndani hajulikani. Ndivyo mkataba ulivyosema. Asijitaje kwa yeyote, awe mama, awe mchumba. Asimtaje mwanamume kabisa, kwa sababu kila shabiki anataka kuamini kwamba Suzunari ni wake. Na sauti yake isisikike kwenye video nyingine yoyote, maana mashabiki hao wana masikio ya popo na starehe yao ni kuwinda. Kuna mwenzake mmoja aliyesikika akicheka kwenye video ya harusi ya binamu yake. Kicheko tu, hata uso haukuonekana. Wakamtambua. Akaombeshwa msamaha hadharani, kisha akaondolewa, na mchoro wake haukuonekana tena. Wenyewe husema "amehitimu," ungedhani kuna mtihani aliofanya.

"Ngina, tafadhali usiniseme," Kasyoka aliniambia siku hiyo, ameshika mikono yangu yote miwili. "Hii kitu nimeiwekea maisha yangu yote."

Hakuwa anadanganya. Akiwa shule ya msingi alikuwa akienda kuteka maji huku anarudia maneno ya katuni za Kijapani, moja baada ya jingine, mpaka Mama akampeleka aombewe. Maombi hayakushika. Alikua, akajifunza lugha yenyewe peke yake, akaimba mbele ya hao watu kwenye kompyuta, wakamchukua. Basi siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

"Mwambie Kisilu," nilimwambia mara nyingi. "Mficha uchi hazai."

"Nikimwambia nimevunja mkataba."

"Na usipomwambia?"

"Nitamwambia tukishaoana."

Kasyoka ana kesho moja kubwa ambamo hutupa kila jambo gumu. Mimi huuza nguo za mtumba sokoni Tala, na nimeshaona wateja wa namna hiyo, wanaoshika nguo, wanaipenda, wanaomba iwekwe kando, na hawarudi.

Kana kwamba hayo hayakutosha, kampuni ilikuwa imesogeza onyesho kubwa la mwaka la Suzunari likaangukia Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi jioni kwetu, saa nne usiku kwao. Kukataa hakuwezekani. Kwa hiyo tulifukuza kuku kwenye stoo, tukaziba dirisha kwa godoro, mlango kwa godoro jingine, kipaza sauti tukakiweka juu ya debe la mahindi. Mama tulimwambia ni mkutano wa kazi. Akauliza kama huo mkutano unahitaji uji.

Siku hiyo Kasyoka hakutulia hata kidogo. Aliosha vikombe safi. Alibadilisha leso, akairudia ile ya kwanza, akaivua tena. Alikuja langoni, akarudi jikoni, akaja tena.

"Umechukua ya Emily? Emily ako na mbili."

Nikamfuata Emily. Kweli alikuwa nazo mbili.

"Wakikuuliza, jibu polepole," nilimshauri Kasyoka.

"Polepole hawatasikia."

"Basi jibu kwa nguvu."

"Ngina, usinichanganye kichwa!"

"Kwani unampenda ama humpendi?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nampenda mpaka naumwa," akasema, na macho yakamjaa maji, na mimi nikamwamini, na mpaka leo ninamwamini.

Wageni walifika na pikapu, mbuzi watatu nyuma, wanawake wakiimba. Mbele alitembea Mzee Wathome, ami yake Kisilu na msemaji wao, dalali wa mifugo mwenye kofia ya manyoya asiyoivua hata jua likiwa kali namna gani. Walinung'unika kuhusu simu, lakini wakanipa. "Yangu ni ya tochi tu," Wathome akasema akiitumbukiza kiondoni. "Padre asiogope."

Mwisho akapita Kisilu. Alikuwa amenyolewa vizuri, amevaa koti jipya, na mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu, ingawa grisi ya chini ya kucha haikutoka. Aliniamkia kwa adabu. Mimi sikumwomba simu. Mposaji hapekuliwi langoni kama mwizi wa kuku. Ningeuaibisha ukoo wetu mzima. Basi adabu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Watu wakala, wazee wakazungumza kwa mafumbo yao, jua likaanza kulegea. Mjomba Ndambuki, aliyekaa mahali pa marehemu baba, akaagiza Kasyoka aitwe. Akaja na leso ile ya kwanza. Mbuzi walikuwa wamefungwa karibu na jiko, kisu kimeshanolewa.

"Kasyoka," Mjomba akasema, "hizi mbuzi zimeletwa na watu wa Kisilu. Tukule, ama zirudi?"

Kasyoka alifungua mdomo. Niliuona ukifunguka. Na hapo Kisilu akatoa simu kwenye koti, akainyanyua juu.

Hakuwa na ubaya wowote. Mama yake, Ndunge, alivunjika nyonga na hajatoka kitandani, na asubuhi hiyo alimtuma mwanawe jambo moja tu, amletee sauti ya mkaza mwanawe akisema mbuzi waliwe. Kisilu aliishika simu kwa mikono miwili, anatabasamu mpaka masikioni. Kasyoka akafunga mdomo.

"Kisilu, weka simu!" nikasema, kwa ukali usiomfaa mtu kumwambia shemeji yake.

"Ni ya Mama tu. Ananingoja."

"Padre amesema..."

"Padre alisema mama yangu asisikie?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mjomba Ndambuki akauliza mara ya pili, sasa kwa sauti ya juu zaidi. Kasyoka alikuwa anaitazama ile simu kama mtu aliyekutana na nyoka njiani. Kisilu si mjinga. Alimwona, na japo hakuelewa, aliizima simu, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akanyoosha mikono mitupu.

"Haya, imeisha. Sema tu, Kasyoka. Mama nitamwambia na mdomo."

Nikashusha pumzi. Simu zote ziko kwangu, na iliyobaki imefungwa kifungo. Hapakuwa na sikio la Tokyo katika boma lile. Mjomba akauliza mara ya tatu.

Kasyoka alinyamaza.

Nilimtazama mdogo wangu na nikajua kitu nilichokuwa sitaki kujua. Haikuwa simu. Mdomo ulikuwa wake, nafasi ilikuwa yake, mtu anayempenda alikuwa mbele yake mikono mitupu, na neno halikutoka. Nilipandwa na hasira iliyonifanya nitake kumtingisha mbele ya watu mpaka neno lidondoke.

Mara tatu ni mara tatu. Mzee Wathome akainuka. "Tumesikia," akasema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu wao mmoja akaenda kufungua kamba za mbuzi. Wanawake wakakusanya leso zao. Kisilu alibaki amesimama pale pale.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Hajawakataa! Sauti yake ina wenyewe. Ni ya Wajapani!"

"Wajapani gani?" Mama akauliza. "Walikuja hapa lini?"

Basi nikamwaga yote. Msichana wa buluu, kengele, kampuni, mkataba, yule aliyecheka kwenye harusi. Niliongea huku kiondo kinaita begani, maana simu za watu zilikuwa zinapigiwa. Kasyoka hakunizuia. Alifunika uso kwa leso.

Mzee Wathome alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Hao watu wanamlipa?"

"Kila mwezi."

"Na wamemkataza mwanaume."

"Hata kumtaja."

"Na yeye akakubali mwenyewe, hakulazimishwa?"

"Alitia sahihi."

Wathome akamgeukia Mjomba. "Ndambuki, mbona hukutuambia kuna watu walitutangulia?"

"Hata mimi nasikia sasa," Mjomba akasema, kijasho kinamtoka.

"Mtu hawezi funga mbuzi zake mahali mwingine amefunga zake. Huyu msichana ameshaposwa. Arudishie hao watu mbuzi ya maleo kwanza, halafu sisi tuje."

Wengine walicheka. Mbuzi wa maleo ni yule anayerudishwa mwanamke akivunja ndoa, mbuzi wa kukataa, na wazo la kumpeleka mbuzi Tokyo lilimchekesha hata Mama. Wathome hakucheka. Kwake hilo halikuwa fumbo. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wametoa mali, wameweka masharti na wamekubaliwa, na dalali wa mifugo anajua hiyo inaitwaje.

Kisilu naye hakucheka. Alimwendea Kasyoka.

"Ni ukweli?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nakuambia kila lori nimefungua, kila bolti. Na wewe unaimba, na hata wimbo mmoja hujawahi niimbia?"

"Ningekuambia."

"Lini?"

Kasyoka aliangalia jua. Saa kumi ilikuwa imekaribia, na mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kuelekea stoo. "Kisilu, ningoje. Ni onyesho moja tu. Mwisho wake huwa naongea na wao, na leo nitawaambia. Nitasema niko na mtu. Wanifukuze wakitaka. Nikitoka hapo nitakuja kujibu."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Akakimbia, mlango wa stoo ukafungwa, godoro likasukumwa.

"Tutangoja," Mzee Wathome akaamua. "Kurudisha mbuzi ya watu iko na heshima yake. Si kitu ya kufanywa mbio." Mbuzi wakarudishwa karibu na jiko, yeye mwenyewe akashika kamba.

Kisilu hakuweza kukaa. Alizunguka boma, akarudi kwangu. "Shemeji, nataka kumsikia." Nilitoa simu ya Emily kiondoni, ile ya pili, yenye bando, nikatafuta lile onyesho. Watu wakatuzunguka mpaka nikakosa hewa. Suzunari akatokea, nywele za buluu, anapunga mkono.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

"Ni Kasyoka."

"Kasyoka hana nywele kama hiyo."

Kisha akaanza kuimba. Sauti ilitujia kwanza kutoka stoo, kupitia lile dirisha la godoro, hafifu. Muda kidogo baadaye ikatoka kwenye simu, kwa maneno yale yale. Ilikuwa kana kwamba kuna wawili, mmoja anaongoza na mwingine anafuata nyuma. Sikuelewa maneno. Lakini nilikuwa sijawahi kumsikia mdogo wangu akiimba hivyo, wala kwaya yetu haijawahi kumpata mtu wa kuimba hivyo. Sauti ilipanda mahali nilipodhani itakatika na ikakaa huko bila shida yoyote. Hasira yangu ikapungua bila ruhusa yangu.

"Anavuta pumzi kama baba yake," Mama akasema polepole, akaketi chini.

Kisilu alikuwa anatabasamu. Mtu aliyekataliwa saa hiyo hiyo mbele ya wazee wake, na bado alitabasamu kwa fahari, akawa anasoma yale maneno ya mashabiki yanayopanda kwenye skrini bila kukoma. Wanampenda. Kila mstari unasema wanampenda. "Angalia," aliniambia, "ni wengi hawa." Kisha akainamia skrini. "Ni wengi sana."

Kati ya nyimbo, mbuzi mmoja akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, kama mbuzi wa nyumbani anavyolia akiona jua linashuka na hajafunguliwa. Kwenye skrini mashabiki wakachangamka: hicho ni nini? Mbuzi? Suzunari, uko na mbuzi?

Kutoka stoo tulimsikia akicheka. "Mbuzi? Hapa hakuna mbuzi!" akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya pipi. Kisha simu nayo ikacheka na kusema hivyo hivyo.

Mzee Wathome akauliza, "Amesema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimedanganya tangu asubuhi kwa jina la Padre bila kutetemeka. Lakini nilikuwa nimechoka. "Amesema hapa hakuna mbuzi."

Wathome akatazama kamba mkononi mwake, akamtazama mbuzi mwishoni mwa kamba.

"Anatania tu," Kisilu akasema upesi. "Ni lazima aseme hivyo. Bado hajafika ile sehemu ya kuwaambia."

"Bado," nikamwunga mkono.

Ile sehemu ikafika. Mwisho wa onyesho la kila mwaka, Kasyoka aliwahi kunieleza, mashabiki wote huandika swali moja kwa pamoja, na yeye hulijibu kabla ya wimbo wa mwisho. Nikawaambia wazee swali ni hilo linakuja. Mjomba Ndambuki akasogea. Emily akaacha kuomba simu yake. Kisilu akaishika simu kwa mikono miwili.

Maneno yakaanza kupanda, kwa Kijapani, kwa Kiingereza, kwa lugha nyingine nisizozijua, yale yale, yanasukumana: Utabaki nasi? Utabaki nasi? Utabaki nasi mwaka mwingine?

"Wanamuuliza kama atabaki nao," nikamwambia Wathome.

Nilidhani atasita. Nilimtaka asite. Hata angenyamaza tu kama alivyotunyamazia sisi, ningeona haki imetendeka. Lakini maswali yalikuwa bado yanaingia na sauti ikatoka stoo, kwa Kiingereza, imejaa, haina mkunjo hata mmoja, sauti ya mtu aliyeulizwa kitu alichokingojea.

"Nitabaki! Mimi ni wenu. Sina mwingine, ni nyinyi tu!"

Hakuna aliyeniomba tafsiri. Mwito wa furaha namna ile unajulikana kwa lugha yoyote. Nilimwangalia Kisilu na nikamwona bado ana tumaini kwamba godoro limemharibia maneno, kwamba hakusikia vizuri. Kisha simu mikononi mwake ikarudia yote, wazi, na Suzunari anaruka ruka, kengele zinacheza. Ilibidi alisikie mara mbili.

Akanirudishia simu. Aliifuta kioo kwanza, kwa mkono wa koti lake jipya.

"Msichana ameulizwa, amejibu," Mzee Wathome akasema. "Pakieni mbuzi."

Nilitaka kwenda kuupiga mlango teke. Nilitaka kumtoa nje kwa leso yake aje aone. Na wakati huo huo nilisikia wimbo wa mwisho ukianza, na nilijua kwamba mtu anayeimba vile hawezi kuambiwa aache, na nikachukia kujua hivyo. Nikakaa na kiondo changu nikirudishia watu simu, moja moja, na kila mmoja aliitia yake mfukoni bila kuitazama, hata Emily.

Mbuzi wakapandishwa. Wathome akaingia mbele, akaweka ufunguo.

"Ami, usiwashe hapa," Kisilu akasema.

"Kwa nini?"

"Itaingia kwa mashine yake. Watasikia injini wamuulize iko wapi." Alikuwa ameshazunguka nyuma ya pikapu na kuweka mabega. "Tuisukume tu mpaka barabarani."

Wazee walitazamana. Kisha watu wake wakamfuata, na Mjomba Ndambuki akafuata, na mimi, na Mama akafunga leso kiunoni akaja. Tuliisukuma wao na sisi, hakuna aliyeimba wala kusema, Kisilu akiwa amemshika mbuzi mmoja mdomo kwa mkono wake ili asilie. Tulipofika barabarani alimwachia, akamwambia ami yake sasa anaweza kuwasha.